Ukoko wa Daraja la Biashara

Tangu Mama arudi Tanga, habari iliyoenea mtaani kwetu Ngamiani ni kwamba mwanawe aliyeko Marekani amekuwa tajiri kiasi cha kumsafirisha katika kile kiti kinachogeuka kitanda. Binamu zangu wawili wameshanipigia simu, mmoja akiomba tiketi mbili za kwenda Dubai, mwingine akitaka tu kujua nimepandishwa cheo gani. Sijapandishwa cheo chochote. Ninapakia mizigo ndegeni katika uwanja wa O'Hare, Chicago, kazi niliyoianza miaka saba iliyopita, na kila msimu wa baridi kidole gumba changu cha kushoto hufa ganzi kuanzia Desemba hadi Machi. Kile kiti alichokikalia Mama hakikununuliwa na mtu yeyote. Kilikuwa ukoko.

Anayezijua jiko zetu atanielewa. Wali ukishapakuliwa, wageni wakala, watoto wakapewa, ndipo mpishi anapokwangua sufuria, na kile kilichoganda chini, kilichokaushwa na makaa yaliyowekwa juu na chini, mara nyingi huwa kitamu kuliko wali wenyewe. Hata hivyo hakuna mtu anayealikwa kuja kula ukoko, kwa sababu hakuna ajuaye mapema kama utapatikana. Wafanyakazi wa mashirika ya ndege husafiri kwa utaratibu huohuo, ambao sisi tunauita standbai: unajiandikisha kwa ajili ya safari fulani, unakuja uwanjani na begi moja la mkononi, unakaa karibu na geti, kisha unasubiri kuona kilichobaki chini ya sufuria.

Wanaotutangulia ni wengi. Wa kwanza ni abiria waliolipa, ambao ni pamoja na wale ambao ndege yao ya awali ilifutwa au ilichelewa wakahamishiwa katika yenu dakika za mwisho. Wanafuata wasafiri wa mara kwa mara, wenye kadi za heshima za shirika, wanaosubiri kupandishwa daraja. Wamo pia wanaoongeza fedha kupitia simu zao ili wahame kutoka nyuma kwenda mbele, na marubani na wahudumu wanaopelekwa kwenda kuchukua ndege nyingine, ambao wao wamo kazini na viti vyao huwa vimetengwa. Baada ya hao wote ndipo orodha yetu inapofunguliwa, nayo ina ngazi zake: wafanyakazi ambao hawajastaafu, wastaafu, wazazi, na mwishoni kabisa marafiki waliopewa pasi, yaani ruhusa ya kusafiri kwa utaratibu huu. Katika mashirika mengi makubwa ya Marekani kinachoamua nani amtangulie nani ndani ya ngazi moja ni miaka ya kazi, ingawa American Airlines wao hutazama nani alijiandikisha kwanza ndani ya saa 24 kabla ya ndege kuondoka, na nimewaona wenzetu wa huko wakiweka kengele ya saa usiku wa manane ili wasizidiwe hata kwa dakika moja.

Kwa hesabu hiyo mtu angedhani kwamba sisi hatuwezi kamwe kufika mbele ya pazia linalotenga daraja la biashara. Ndani ya Marekani ni kweli, hatufiki sana, kwa kuwa safari za ndani huwapandisha wenye kadi bila malipo mpaka daraja la kwanza linajaa, na siku hizi mashirika yameamua kuviuza kwa bei ndogo ndogo hata vile viti ambavyo zamani yalivigawa bure. Safari ndefu za kuvuka bahari ni habari nyingine. Huko kadi peke yake kwa kawaida haitoshi kumpandisha mtu. Anatakiwa atumie pointi, vocha au fedha taslimu, na shirika huona ni heri kiti kiende kitupu kuliko kumzoesha mteja kwamba akisubiri atakipata bure kile ambacho mwenzake alikilipia dola elfu nne. Kiti hicho kitupu, ambacho shirika limekataa kumpa mteja kwa bei ya chini ili lisijiharibie soko, ndicho anachokuja kukikalia mpakia mizigo mwenye kidole gumba kibovu. Kichekesho hiki sikukibuni mimi, ila sikatai kukicheka.

Daraja la kawaida nalo lina kawaida ya kujaa kabla ya lile la mbele. Katika ndege aina ya Boeing 787-8 za Kenya Airways mbele kuna viti 30 na nyuma kuna 204. Katika zile za Air Tanzania mbele kuna 22 na nyuma 240. Msimu wa likizo viti vya nyuma vyote huwa vimeuzwa, pengine vimeuzwa kupita idadi, ilhali mbele bado pana nafasi nne au tano. Ndiyo maana mfanyakazi anayesubiri geti moja mwezi wa Julai mara nyingi hana njia ya kati: ama atalala kitandani juu ya Atlantiki, ama atalala sakafuni uwanjani.

Huwa nawaambia jamaa zangu kwamba hata sheria inakitambua kiti hiki kuwa ni mabaki. Sheria ya kodi ya mapato ya Marekani, katika kifungu cha 132 kilichoingizwa mwaka 1984, inasema kwamba huduma anayopewa mfanyakazi haihesabiwi kuwa sehemu ya mapato yake, na kwa hiyo haitozwi kodi, iwapo ni huduma ileile ambayo mwajiri huwauzia wateja, na iwapo kuitoa hakumgharimu mwajiri kitu cha maana, yakihesabiwa hata mapato ambayo angeyakosa kwa kuitoa. Kwa maneno mengine, siku shirika litakapoanza kumnyima mteja kiti cha kununua ili kumstarehesha mfanyakazi wake aliye likizoni, msingi wa msamaha huo wa kodi utakuwa umebomoka. Kifungu hichohicho kina aya fupi inayohusu ndege tu, isiyowahusu wafanyakazi wa treni wala wa hoteli, inayosema kwamba mzazi wa mfanyakazi akisafiri kwa ndege itahesabiwa kana kwamba amesafiri mfanyakazi mwenyewe. Sijui ni mbunge gani aliyemkumbuka mama yake siku ile, lakini namshukuru, kwa maana mke wangu alipokaribia kujifungua Juni mwaka jana tulikubaliana kwamba Mama ndiye atakayekuja kukaa naye arobaini.

Nilipanga safari kwa vipande viwili. Kipande cha kwanza, Dar es Salaam hadi Amsterdam, nilimkatia tiketi ya wafanyakazi ya shirika jingine, zile zinazoitwa ZED, ambazo bei yake haitokani na nauli ya soko bali na umbali wa maili, na ambazo hupatikana pale tu mashirika mawili yanapokuwa na mkataba baina yao. Kipande cha pili, Amsterdam hadi Chicago, kilikuwa cha ndege yetu wenyewe. Nilitazama hesabu ya viti usiku na mchana. Nilitumia ile programu ambayo wafanyakazi wa mashirika mbalimbali huulizana humo viti vilivyobaki, mtu wa Lisbon akamjibu wa Manila, na Jumatatu jioni ilinionyesha nafasi kumi na moja nyuma na tatu mbele kwa ndege ya Jumanne. Nikampigia Mama nikamwambia apande.

Kipande cha kwanza kilipita bila neno. Mama alitua Schiphol, uwanja wa Amsterdam, Jumanne alfajiri, na kabla hajamaliza chai yake ndege nyingine iliyokuwa inakwenda Marekani ikafutwa kwa hitilafu ya kiufundi. Zile nafasi kumi na nne nilizokuwa nazihesabu kama zangu zikagawiwa abiria waliolipa, kama ilivyo haki yao. Jumatano mambo yakawa vilevile, kwa kuwa waliosalia wa Jumanne walikuwa bado hawajaisha.

Hapa ndipo napaswa kukiri kosa langu, ambalo Wamarekani ninaofanya nao kazi hawalijui kwa sababu halijawahi kuwafika. Utaratibu wa standbai ulitungwa na watu wenye pasipoti zinazofungua milango. Mwenzangu wa zamu akiachwa Amsterdam hutoka nje, hupanda treni, hulala hotelini mjini na kesho yake hupiga picha za mifereji. Mama yangu ana pasipoti ya Tanzania yenye viza ya Marekani. Viza hiyo inamruhusu kuja Chicago, haimruhusu kuvuka dawati la uhamiaji la Uholanzi. Alikuwa na umri wa miaka 66, na kwa siku mbili dunia yake ilikuwa ile sehemu ya ndani ya uwanja baina ya mageti. Ipo hoteli ndani ya eneo hilo, lakini usiku wa kwanza ilikuwa imejaa. Alikwenda kusali katika chumba cha tafakuri ambacho uwanja umewatengea wasafiri wa dini zote, kisha akajilaza kwenye kiti kirefu karibu na hapo, amejifunika kanga, huku begi lenye hiliki, mdalasini na tangawizi kavu za mkwewe amelifunga mkononi kwa ncha ya kanga nyingine.

"Mama, samahani sana," nilimwambia kwenye simu.

"Samahani ya nini, mwanangu? Hapa pana maji ya moto na choo safi. Mimi nilisubiri meli ya Pemba siku tatu na wewe ukiwa mgongoni. Wewe mtazame mkeo."

Usiku wa pili nilimpatia chumba, kwa bei ambayo, ukiijumlisha na ile ya tiketi, ilikuwa inaanza kuukaribia ule unafuu wote niliokuwa nautafuta. Hesabu hiyo huwa hawaioni wanaosema tunaruka bure. Hata kiti chenyewe wakati mwingine huja na ankara. Mwaka 2024 nilikwenda London siku tatu na kurudi katika daraja la biashara, nikafika nyumbani nimenenepa kwa furaha. Kisha mshahara ulipoingia nikakuta umekatwa kodi ya abiria wanaoondoka Uingereza, ambayo kuanzia Aprili mwaka huo ilikuwa pauni 88 kwa anayekwenda Marekani katika kiti cha nyuma, na pauni 194 kwa aliyeketi mbele. Serikali ya kule haiulizi kama kiti ulikinunua au ulikiokota.

Alhamisi daraja la kawaida lilikuwa limejaa mpaka kiti cha mwisho. Mbele vilikuwamo viwili ambavyo wenyewe hawakufika, kwa kuwa ndege iliyokuwa inawaleta ilichelewa kutua. Kwenye orodha Mama alikuwa wa nne. Waliokuwa mbele yake ni mstaafu mmoja na mume na mke waliokuwa wanasafiri pamoja. Mstaafu akaitwa. Mume na mke wakaambiwa kimebaki kiti kimoja, wakatazamana, wakasema watasubiri ya kesho. Hivyo ndivyo jina la Mama lilivyosomwa, vibaya kiasi kwamba hakulitambua, na mhudumu wa geti ikambidi amfuate alipokaa na kumwonyesha jina hilo kwenye karatasi. Dakika sita baadaye mlango ulifungwa.

Nilikuwa nimemfundisha adabu za msafiri wa aina yetu, ambazo haziandikwi zote lakini kila aliyelelewa katika kazi hii anazijua. Usimsumbue mhudumu wa geti kwa kumwuliza umefika wa ngapi; skrini inaonyesha. Usitaje mbele ya abiria kwamba hukulipa. Chakula ukipewa cha pili au cha tatu katika orodha, pokea, maana wenye kuchagua wameshachagua. Vaa kama mtu anayekwenda kazini. Hili la mavazi liliwahi kuzua kelele kubwa tarehe 26 Machi 2017, shirika la ndege la United walipowazuia wasichana wawili waliovaa suruali za kubana kupanda ndege kutoka Denver kwenda Minneapolis, na mitandao ikawaka moto mpaka shirika likaeleza kwamba wasichana wale walikuwa wanasafiri kwa pasi za wafanyakazi. Mimi nadhani kumzuia binti kwa suruali ya namna ile ni ukali uliokosa busara, ila namwelewa aliyeitunga kanuni: hataki anayelipa amtambue asiyelipa. Mama alivaa baibui na viatu vya kufunika vidole, na badala ya ile boksi ya chokoleti ambayo desturi yetu ni kuwapelekea wahudumu wa ndege, aliwapa korosho za kukaanga alizozifunga mwenyewe kwa karatasi. Naambiwa tangu hapo hakuitwa tena kwa namba ya kiti. Walimwita "Mama" mpaka Chicago.

Ndani, kwa simulizi yake, alikaa saa nzima bila kuegemea. Alidhani vile vitufe ni vya rubani. Mhudumu alipokuja kumtandikia alisimama pembeni kwa heshima, kama anayempisha mwenye kitanda, kisha akauliza kwa ishara kitanda hicho ni cha nani. Alirudi Tanga na kichupa cha chumvi cha ndegeni, na mpaka leo kipo kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Zipo lawama za abiria, nami sizipuuzi. Mtu mwenye kadi ya dhahabu aliyelipa nauli yake na ambaye amesubiri kupandishwa daraja humwona kijana mwenye kitambulisho cha kazi begini akiketi mbele, naye hurudi safu ya 31 akiwa na uchungu. Mara nyingi uchungu huo unatokana na kutojua kwamba muda wake wa kupandishwa ulikwisha, au kwamba safari ile haikuwa ya kupandishwa bure, na wala si kwamba alirukwa. Watu pia hutuchanganya na wenzetu walio kazini. Yule daktari aliyelipa nauli, akakataa kuachia kiti chake, na akaburutwa nje ya ndege ya United hapahapa O'Hare tarehe 9 Aprili 2017 hakutolewa kwa ajili ya msafiri wa standbai; walihitajika wafanyakazi wanne wafike Louisville kurusha ndege nyingine, na baada ya aibu ile United walitangaza kwamba wafanyakazi wa aina hiyo sharti wawe wameandikiwa viti angalau dakika 60 kabla ya safari. Sisi tulio likizoni hatumtoi mtu. Tunatolewa sisi. Nimewahi kuketi, nimefunga mkanda, nimepewa na maji ya machungwa, kisha nikaguswa bega kwa upole kwa sababu mwenye kiti alikuwa amekuja mbio kutoka geti la mbali.

Kinachoniudhi mimi ni wale wa kwetu wanaojipiga picha za video mbele ya pazia na kuwaambia watu mtandaoni kwamba wamegundua siri ya kuruka bure. Anayetazama haoni usiku wa sakafuni. Haoni pia kwamba kiti kitupu si lazima kiwe nafasi. Kwa kuwa kazi yangu ni mizigo naijua hesabu hii vizuri: uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na ndege nzito ya safari ndefu inaweza kulazimika kuondoka na viti vitupu na bado ikawaacha wasubiriao getini, kwa sababu kilichokwisha ni uzito unaoruhusiwa na si viti.

Kwa binamu yangu wa Dubai jibu lilikuwa hapana. Ninazo pasi chache kwa mwaka za kuwapa marafiki, lakini huyo wa pasi hupangwa chini ya orodha nzima, thamani ya safari yake huongezwa katika mapato yangu yanayotozwa kodi kwa kuwa sheria ya 1984 haimtambui, na akigombana na mtu getini jina linaloandikwa ni langu. Wapo waliozigeuza biashara wakaziuza, na wamepoteza kazi pamoja na safari zao zote za baadaye. Binamu amenuna. Nimemwambia akate tiketi ya kawaida kwa tarehe anayoitaka na awahi kuikata, naye akaniona kama mtu aliyeketi juu ya gunia la mchele akimshauri mwenye njaa alime.

Mjukuu alizaliwa siku tano baada ya Mama kufika. Arobaini ilipokwisha ulikuwa mwisho wa Julai, na nilipotazama hesabu za viti kila ndege ya kwenda Ulaya ilikuwa imejaa mpaka katikati ya Agosti. Sikuthubutu tena. Nilikopa kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa, nikamnunulia tiketi halisi, yenye jina lake, namba ya kiti chake na mabegi mawili ya kilo 23, Chicago hadi Dar es Salaam, katika daraja la kawaida. Ndiyo tiketi ya ndege ghali kuliko zote nilizowahi kulipia maishani. Alipofika Tanga alinipigia simu, akaniamkua kabla sijamwamkia, dalili kwamba ana neno.

"Baba, tumefika salama, alhamdulillahi. Ila nikuulize jambo, usikasirike. Safari ya kuja mlinipakia bure. Hii ya kurudi mmelipa pesa zote zile. Mbona kiti hakilali?"